Disketi za Zamani na Kompyuta za Leo

Wengi kati ya vijana wetu wa shule hawajapata kuiona disketi kwa macho yao. Waijua picha yake tu, ile alama ndogo ya mraba wanayoibonyeza ili kuhifadhi kazi yao katika kompyuta. Wala hawajui ya kuwa picha ile ilikuwa kitu cha kweli, chenye upana wa inchi 3.5, kilichochukuliwa katika mfuko wa shati.

Disketi ya namna hiyo ilitolewa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1981. Ndani ya ganda lake la plastiki mna duara jembamba, laini, lililopakwa unga wenye kushika sumaku. Ile iliyoenea zaidi huchukua baiti 1,474,560, nazo ni chache kuliko zile za picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo. Walakini mtu asiidharau. Kwa maandishi matupu, nafasi hiyo yatosha kitabu cha kurasa mia kadhaa. Mwaka 1998 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta yake ya iMac isiyo na mahali pa kutia disketi, na watu wakaicheka. Lakini wengine wote wakaifuata, hata mwaka 2011 Sony yenyewe ikaacha kuzitengeneza.

Pengine msomaji atauliza, mambo hayo yatuhusu nini sisi wa Dilolo? Yatuhusu kwa sababu ya mpaka na kwa sababu ya reli. Njia ya reli itokayo Lobito, katika pwani ya Angola, iliungana na reli ya Katanga mwaka 1931, ikipita hapa kwetu. Mwaka 1975 vita vya Angola viliikata. Manganizi ya Kisenge ikakosa njia ya kwenda baharini, na watu wakavuka kuja upande wetu, wengine kwa miguu, wengine na watoto migongoni. Wakakaa miaka mingi. Wakalima, wakaoa na kuolewa, wakazika wazee wao katika udongo huu. Amani ilipotiwa sahihi mwezi wa Aprili 2002, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likaanza mwaka 2003 kuwarudisha kwao kupitia Luau.

Katika siku hizo alikuwako jirani yetu mmoja, mwalimu wa shule, mtu wa kuandika kila kitu. Aliona kwamba majirani wanaondoka kwa malori, na kwamba baada ya miaka michache hakuna atakayejua nani amekwenda wapi. Basi jioni baada ya jioni aliwaandika katika kompyuta ya ofisi moja iliyomruhusu: jina la baba, jina la mama, watoto na umri wao, na kijiji walichosema wanakiendea. Hakuna aliyemtuma. Kazi hiyo aliihifadhi katika disketi tatu. Ofisi ilifungwa, kompyuta ikapotea, na mwalimu naye akafariki dunia. Disketi zilibaki kwa mjane wake katika kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda.

Sasa, huyo Mama Mwalimu ana dada yake aliyeolewa na mtu wa Angola. Walivuka pamoja na wengine, na tangu hapo hakuna habari. Mwaka jana alitujia na kopo lake akasema, “Wanangu, ninyi mnaozoeana na mashine hizi, nifungulieni. Mume wangu hakuacha kuandika mtu hata mmoja.” Tukamjibu, “Ndiyo, Mama, tutajaribu,” nasi hatukumwahidi zaidi.

Kompyuta yetu ni ya siku hizi, wala haina mlango wa disketi. Hata tungalipata kisomaji cha zamani, kile kinachofungwa ndani kwa utepe mpana wa nyaya 34, tusingalipata pa kuuchomeka, maana tundu lake liliondolewa katika kompyuta zamani. Dawa ni kisomaji kidogo cha nje kinachochomekwa katika tundu la USB. Mfanyabiashara mmoja alituletea kutoka Kolwezi, zaidi ya kilomita 400 kwa njia ya reli. Nacho kilifika kimefungwa katika kitenge, salama kabisa.

Tulipokichomeka, taa yake iliwaka mara moja, kikakoroma, kikazimika. Kompyuta haikukiona. Watu waliokuwapo walisema mara, “Kimekufa.” Lakini kisomaji cha disketi, tofauti na flashi, kina mota ndani yake ya kuzungusha duara mara 300 kwa dakika, na mota hutaka umeme. Tundu la kawaida la USB hutoa miliampea 500, nazo zatosha kwa shida. Sisi tulikuwa na kigawanyo kimoja chenye matundu manne, na humo zilichomekwa simu mbili zikichajiwa! Tulikiondoa kigawanyo, tukakichomeka kisomaji katika tundu lililo nyuma ya kompyuta yenyewe, na mara ikatokea herufi A. (Watoto waliuliza kwa nini diski kubwa ya kompyuta huitwa C. Ni kwa sababu A na B ziliwekwa kwa ajili ya visomaji vya disketi, na hata leo, vilipokwisha kutoweka, viti vyao vimeachwa wazi.)

Hatukutia disketi ya marehemu. Tulitafuta kwanza disketi isiyo na thamani, tukaipata kwa fundi wa redio, nayo ndiyo tuliyoijaribia. Ilisomeka. Basi tulijua kwamba tangu hapo, likitokea tatizo, lisitafutwe katika kisomaji bali katika disketi yenyewe.

Kabla ya kutia ile ya kwanza tulifanya mambo mawili. Katika pembe ya kila disketi mna kifuniko kidogo kinachosogezwa kwa ukucha. Tundu likifungwa, mashine yaweza kuandika. Tundu likiwa wazi, mwanga ukipita, mashine yaweza kusoma tu. Tuliyafungua yote matatu, maana kompyuta ikishindwa kuielewa disketi huuliza kwa upole kama mtu apenda iandaliwe upya. Mtu akikubali, imefutwa. Swali hilo ni la hatari kuliko vumbi na kutu, nasi twashangaa waliolitunga hawakuliandika kwa maneno makali zaidi.

Jambo la pili lilikuwa ukungu. Mvua zetu ni za miezi mingi, na kopo lililo chini ya kitanda hushika unyevu. Tulisogeza mlango wa chuma wa kila disketi, tukazungusha kitovu chake kwa kidole polepole, tukitazama duara kwa tochi. Mbili zilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa na madoa meupe. Yafaa msomaji ajue kwamba kichwa cha kusomea hugusa duara lenyewe. Ukungu ukishikamana na kichwa hicho, utakwaruza disketi hiyo na kila itakayofuata. Kwa hiyo madoa husafishwa kwa pamba na alkoholi safi ya dukani la dawa, nayo huachwa ikauke kabisa. Kijana mmoja alitushauri tutumie lutuku, kwa kuwa nayo huwaka moto. Tulimshukuru, tukakataa: lutuku ina maji mengi na mengine ambayo hata mpishi wake hayajui.

Disketi ya kwanza ilifunguka bila neno. Ya pili ilikoroma, ikasema haisomeki. Hapo wengi hukata tamaa, na si vema. Zamani kila kisomaji kilikuwa na kichwa chake, na kichwa kikikaa upande kidogo tu, kiliandika njia zake upande. Disketi hiyo ikapatana na mashine yake, ikakataana na nyingine. Tuliazima kompyuta kuukuu ya mapajani yenye kisomaji cha ndani. Hiyo iliisoma yote, ikichukua muda mrefu kama mzee anayetafuta miwani.

Ya tatu, ile ya madoa, hatukutaka kuifungua faili kwa faili, maana kila kusoma ni kusugua. Iko programu ya bure iitwayo ddrescue, inayofanya kazi katika Linux. Disketi ina njia 80 kila upande, na kila njia ina vipande 18. Jumla vipande 2,880. Programu hiyo hukusanya kwanza vile vinavyosomeka kwa urahisi, ikiviacha vigumu, kisha huvirudia. Tuliiacha ikifanya kazi usiku mzima kwa umeme wa betri za jua. Asubuhi ilikuwa imepata vipande 2,849. Tukainakili picha hiyo mara mbili, ndipo tukaifungua kwa LibreOffice, ambayo bado huelewa maandishi ya Word ya zamani.

Wako watakaotucheka kwa kuhangaikia vitu vilivyopitwa na wakati. Tuwaambie kwamba serikali ya Japani iliondoa masharti yake ya kutumia disketi mwaka 2024 tu. Na katika mji wa San Francisco huko Marekani, treni za chini ya ardhi ziliongozwa kwa mitambo ya disketi iliyoanza kazi mwaka 1998, hata katika mwaka huohuo wa 2024 wakuu wake wakakubali mkataba wa dola milioni 212 na Hitachi ili kuibadilisha.

Jina la dada yake Mama Mwalimu lilikuwa katika disketi ya pili. Alikuwako yeye, mume wake, na watoto wanne, mdogo wao akiwa na miezi saba. Mbele ya majina hayo marehemu aliandika neno moja: Cazombo. Mama aliliangalia neno lile muda mrefu, akatuomba tumsomee tena umri wa watoto, akahesabu kwa vidole miaka waliyo nayo sasa.

Orodha yote tumeichapa katika karatasi, nakala tatu. Moja anayo Mama, moja tunayo sisi, na ya tatu imevuka mpaka kwenda Luau kwa mkono wa mchuuzi wa samaki wakavu, mwenye jamaa katika njia ya Cazombo. Katika disketi ya tatu kuna familia kadhaa ambazo majina ya vijiji vyao yameliwa na vile vipande 31. Tunatafuta kisomaji kingine cha zamani. Msomaji aliye nacho, hata kama ni kibovu, asikitupe.