Simu Mpya, Raha ya Wiki Mbili

Wadau, leo najianika mwenyewe. Mwezi wa tatu nilimega hela ya kodi ya miezi sita, nikaenda Kariakoo kununua simu. Ya zamani haikuwa mbovu. Ila kila nikiingia Instagram namwona mtu kashika ile yenye kamera tatu, roho inaniuma.

Siku ya kwanza sikulala. Wiki ya pili nikaizoea. Wiki ya tatu ikawa simu tu, na mama mwenye nyumba anagonga mlango.

Nikaanza kusoma ili nijue nimerogwa au vipi. Kent Berridge, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Michigan, anasema kutamani kitu na kukifurahia ni mambo mawili tofauti kichwani. Dopamini, ambayo mtandaoni tunaiita homoni ya raha, kazi yake zaidi ni kukusukuma utake. Unaweza kukitaka kitu mpaka usile, ukikipata, raha yenyewe kiduchu. Nikajiona kabisa.

Wachumi nao wanajua sahani ya tatu ya chipsi mayai haina utamu wa ile ya kwanza. Hilo hata muuza chipsi wa mtaani kwetu analijua. Na Epicurus, Mgiriki wa kale ambaye watu wanadhani alihubiri kula bata, alimwomba rafiki amtumie jibini kidogo tu ili siku akitaka afanye karamu. Jibini!

Kilichonichoma ni utafiti wa 1978. Philip Brickman na wenzake waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu huko Illinois, Marekani. Hawakuwa na furaha ya maana kuliko watu wa kawaida, na vitu vidogo kama kifungua kinywa, kupiga stori na rafiki au kusifiwa viliwapa raha pungufu.

Nikakumbuka Jumapili moja kwa dada yangu. Ananisimulia uchumba wake umevunjika, mimi nasogeza kikombe cha chai dirishani kutafuta mwanga wa picha. Akanyamaza katikati ya sentensi. Sikugundua mpaka nimeshaposti.

Kodi nimelipa kwa hela aliyonikopesha dada huyohuyo. Juzi nimeenda kwake, simu nimeiacha nyumbani. Tumekunywa chai, tumekula maandazi. Habari ya yule kaka hajaigusa, na mimi nimeogopa kuuliza.