Ubao wa Barazani

Pangani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilikuwa adimu na sukari ilipatikana kwa foleni. Neno jipya halikukosekana hata siku moja, kwa sababu mtaani kwetu aliishi mwalimu mstaafu aliyetundika ubao barazani kwake. Ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa weusi wa betri zilizokwisha, na chaki ikiadimika aliandikia muhogo mkavu. Kushoto aliweka neno. Kulia, jambo lililotokea siku kama ile zamani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, wanangu. Haya, mtondogoo ni lini?”

Hatukujua. Wavuvi ndio waliotujibu: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Shubaka tulilielewa alipotuonyesha kile kidaka cha ukutani alimowekea taa. Upande wa kulia haukutusumbua sana. 12 Januari na 7 Julai zilikuwa sikukuu, kila mtoto alizijua.

Asubuhi moja ya Agosti, kusi likivuma, tulikuta ameandika “nyundo”. Tulivunjika moyo. Nyundo kila fundi anayo! Kulia palisomeka: 17 Agosti 1891, Lugalo.

Jioni tulirudi, baraza imejaa, buli la kahawa linazunguka. Mwalimu akaeleza kwamba Nyundo ndilo jina watu walilompa Emil von Zelewski. Mjerumani huyo alikuja Pangani Agosti 1888 kwa niaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, baada ya Sultani wa Zanzibar kuikabidhi kampuni hiyo uendeshaji wa pwani ya Mrima. Akataka bendera ya kampuni ipandishwe mjini. Watu wakakataa, na kukataa huko kukawasha vita alivyoviongoza Abushiri bin Salim. Miaka mitatu baadaye Nyundo huyohuyo akaongoza kikosi kwenda kuwapiga Wahehe, nao wakamwua Lugalo.

Darasani Lugalo ilikuwa habari ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na ya Iringa, mbali kabisa na sisi. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mtu aliyeanguka kule alitamba kwanza kwenye vichochoro tulivyochezea gololi. Usiku ule nilikosa usingizi kwa furaha. Mji wangu mdogo ulikuwa umeingia kwenye historia kwa mlango wa mbele.

Ndiyo maana niliingojea 15 Desemba, siku Wajerumani walipomnyonga Abushiri papo hapo Pangani, mwaka 1889. Shule zilikuwa zimefungwa, nikawahi ubaoni alfajiri. Jina lake lilikuwapo kulia, kama nilivyotarajia. Kushoto palikuwa na neno “kitwana”.

Sikulijua. Mzee mmoja mvuvi, ambaye kwa kawaida alikunywa kahawa yake kimya, ndiye aliyenifunulia: kijana wa kiume aliye mtumwa. Babu yake, akasema, alikuwa kitwana, akakata miwa ng’ambo ya mto bila kulipwa hata pesa moja. Na Abushiri naye alikuwa na shamba la miwa.

Watu walibishana siku hiyo mpaka adhana ya magharibi, wengine wakimwita shujaa wa mji, wengine wakiuliza mji wa nani. Mwalimu hakuamua. Mimi naona alitenda haki kuyaandika yote mawili: Abushiri alinyongwa kwa kuipigania Pangani, na huko Pangani alikuwa na watumwa.