Millau, Kwao Emma Calvé

Kabla ya kufika Millau, kusini mwa Ufaransa, Mto Tarn huwa umeshakata korongo refu kati ya nyanda za mawe ya chokaa. Juu huko ni nchi ya upepo na kondoo, tumbusi wakielea angani. Maziwa ya kondoo ndiyo yanayotengenezewa jibini inayoivishwa katika mapango ya Roquefort, na ngozi zao laini ndizo zilizoujengea mji huu sifa ya glavu. Ni nchi kavu, lakini ina uzuri usiochosha macho.

Panda na mto hadi Aguessac, uinue kichwa: mlimani limesimama kasri la Cabrières. Mwaka 1894 lilinunuliwa na mzaliwa wa mkoa huuhuu wa Aveyron, soprano Emma Calvé. Alizaliwa mwaka 1858 Decazeville, mji wa makaa ya mawe. Opera aliianzia Brussels, na mwaka 1892 akaiteka Paris kwa Carmen ya Bizet. Hakutosheka na nota zilizoandikwa: alikwenda Granada kuwatazama wanawake wa Kigitano, kama Carmen mwenyewe, wakicheza, akajifunza miondoko yao. Carmen wake akawa mtu wa mtaani, si bibi wa jukwaani. Mwaka 1893 New York nayo ikamsikia katika jumba la Metropolitan. Mtunzi Massenet alimtungia opera ya La Navarraise, iliyoonyeshwa kwanza London mwaka uleule aliponunua kasri, na Malkia Victoria akaletewa onyesho hilo Windsor.

Mwenye jina kama hilo angejipatia jumba Paris, na hakuna ambaye angeshangaa. Yeye aliyataka mawe ya kwao. Misimu ya opera ilipokwisha alirudi Cabrières, na baadaye akawafundisha wasichana uimbaji humo. Alifariki Montpellier mwaka 1942, akazikwa Millau.

Siku hizi mji unajulikana zaidi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2004, lenye minara mirefu sana. Ni kazi ya kustaajabisha, ila lilijengwa ili magari yaendayo pwani ya Mediterania yapite juu bila kuingia mjini. Wewe usipite. Shuka, ule jibini, upande Cabrières. Mwanamke aliyeshangiliwa London na New York alikuwa na pa kulinganisha, na bado alichagua hapa.