MOYO WANGU, SEHEMU YA 6: Mshipa umezibuliwa, mbona kinena ndiyo kinauma?

Tangu niandike sehemu ya 5 napokea meseji za aina moja: "Nesi, moyo uko salama, sasa mbona natembea kama nimepigwa teke la punda?" Leo tumalize hilo.

Kwenye matibabu ya tundu dogo, daktari anafika kwenye moyo kwa kupitia mshipa wa mkono, karibu na kiganja, au mshipa mkubwa wa kinena. Siku hizi mkono ndio unapendelewa zaidi, maana damu inazuilika kirahisi na mgonjwa anainuka mapema. Ila kuna wenye mishipa ya mkono myembamba au iliyojikunja. Hao wanapitia kinena.

Mrija unaoingia pale una upana wa kama milimita 2. Kidogo, eeh? Lakini ule ni mshipa wa ateri, damu yake inasukumwa kwa nguvu. Ukitolewa mrija, mara nyingi mtu anakandamiza pale kwa mkono dakika 15 hadi 20, na anakandamiza kweli kweli. Halafu unalala chali saa kadhaa, mguu umenyooka. Kwa hiyo kinachouma siyo tundu peke yake, ni na nyama iliyobanwa. Damu kidogo iliyovuja chini ya ngozi inashuka na paja: leo zambarau, wiki ijayo kijani, baadaye njano. Inaweza kuchukua wiki mbili tatu kuisha. Na ukipapasa ukakuta kifundo kidogo kigumu kama njegere, ambacho hakikui, hicho nacho huwa kinayeyuka taratibu.

Sasa niwaambie ya nyumbani kwangu. Mama mkwe wangu aliwekewa stenti kwa kupitia kinena, akaja kukaa kwetu. Mnajua mambo ya ukwe. Kinena siyo mahali pa kumwonyesha mkwe, hata kama mkwe ni nesi. Kila nikiuliza, "Mama, kidonda kikoje?" jibu ni lile lile: "Hakijambo mwanangu, nimechoka tu."

Siku ya nne namwandalia dawa, nahesabu vidonge vya klopidogreli, naona vya siku mbili vimebaki. Nikakaa naye chini taratibu. Kumbe kaona paja limekuwa jeusi mpaka karibu na goti, akaogopa. Jirani naye kamwambia hizo dawa zinamaliza damu, aache, ajikande maji ya moto. Maji yalikuwa tayari jikoni yanachemka.

Wapendwa, paja jeusi lilitutisha wote, lakini hatari kubwa ilikuwa kwenye vile vidonge. Stenti mpya ni chuma kigeni ndani ya mshipa. Aspirini na klopidogreli ndizo zinazuia damu isigande juu yake. Ikiganda, mshipa unaziba ghafla, na hapo ni shambulio la moyo. Tulimpigia daktari wake jioni ile ile, akatuelekeza namna ya kurudi kwenye dozi. Jeraha akaniruhusu nilione kwa sharti moja: mwanawe atoke nje! Nikachora kwa kalamu kuzunguka pembezoni mwa weusi. Asubuhi haukuwa umevuka mstari. Akapumua.

Kwa hiyo shikeni haya, mkichanganya na maelekezo ya daktari wenu:

Wiki ya kwanza usinyanyue kitu kizito. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, waachie vijana. Bodaboda pia isubiri.

Choo cha kuchuchumaa kinakunja kinena na kukibana. Tafuta cha kukaa, au kiti kilichotobolewa. Wanaosali, wiki hii salini mkiwa mmekaa. Kunywa maji, kula matunda na mboga, usije ukajikamua chooni.

Ukikohoa, ukipiga chafya au ukicheka, weka kiganja juu ya jeraha.

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kausha taratibu. Usikae kwenye beseni wala kuingia baharini mpaka pafunge. Usikande maji ya moto, usipake shubiri.

Maumivu yakizidi, parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni za kununua tu dukani hapana, zikikutana na dawa zako zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Damu ikianza kutoka: lala chali, mtu akandamize kwa nguvu juu kidogo ya tundu, na msaada uitwe hapo hapo. Asifungue fungue kuchungulia.

Usisubiri asubuhi ukiona uvimbe unakua au unadundadunda, mguu umekuwa wa baridi, mweupe au wenye ganzi, homa, usaha, au maumivu ya mgongo na tumbo la chini pamoja na kizunguzungu. Maumivu ya kifua hayo hata usiulize, nenda hospitali.

Na nyie mnaouguza, msiulize tu "unajisikiaje?" Mzee atasema hajambo mpaka kesho. Tafuteni mtu asiyemwonea haya, dada yake, shoga yake, mwanamume mwenzake, amwangalie jeraha kila siku. Na vidonge mvihesabu.

Sehemu ya 7 tutaongelea lini kurudi kazini, na lile swali mnaloniuliza kwa kificho kuhusu chumbani. Usiku mwema.