Mwaka Mmoja Nyuma ya Gari la Wagonjwa

Vijana wenzangu wengi wakisikia umefanya kazi ya uokoaji, wanafikiri habari za sinema: king'ora, moshi, mtu anaruka dirishani na mtoto mgongoni. Mimi nimeifanya kazi hiyo mwaka mzima hapa Kibaoni, Ifakara, tangu Januari hadi Desemba 2023. Nakuambia kweli, dirishani sikuruka hata siku moja. Nyumba zetu nyingi hazina ghorofa, utaruka kwenda wapi? Kazi yenyewe ilikuwa kubeba. Kubeba, kushikilia dripu isianguke, na kufuta damu garini kabla haijakauka.

Kwanza nieleze mpangilio wake. Huko Marekani, miji mingi midogo ina idara moja tu ya moto na wagonjwa. Anayezima nyumba asubuhi ndiye huyo huyo anayemzalisha mama jioni. Kwetu ni mambo mawili. Moto ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na namba yake ni 114. Mgonjwa ni wa hospitali na vituo vya afya. Mama mjamzito na kichanga wana namba yao, 115 ya m-mama, unapiga bure. Hivyo ndivyo karatasi zinavyosema. Lakini ajali haijui kusoma karatasi. Mtu akiungua saa nane za usiku, anayefika wa kwanza ni jirani mwenye kanga na ndoo, wa pili ni kijana wa bodaboda, halafu ndiyo sisi.

Sisi tulikuwa watatu: dereva mzee ambaye wote tulimwita Mjomba, nesi tuliyemwita Dada, na mimi, msaidizi, kidato cha nne mwenye mikono yenye nguvu na posho ndogo.

Bonde la Kilombero ni tambarare pana, mpunga mpaka macho yachoke, na milima ya Udzungwa imesimama upande mmoja kama ukuta. Uzuri wake ndio unaosumbua. Masika Mto Lumemo ukifurika, njia uliyopita asubuhi jioni huioni. Mjomba alizoea kusema kwamba sisi tulikuta vitu rahisi. Yeye alivusha wagonjwa enzi za kivuko, wakati mgonjwa wa kutoka upande wa Mahenge alikuwa anasubiri ukingoni mpaka kivuko kirudi. Januari 2016 kivuko kilizama. Mwaka 2018 daraja la mita 384 likafunguliwa, nalo linaitwa daraja la Magufuli. "Lile daraja," Mjomba alikuwa akisema, "ni dawa kuliko hizo dripu zenu." Dada alikuwa anacheka lakini habishi. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua hana saa nyingi. Saa mbili za kusubiri maji yapungue zinatosha kumaliza maisha yake.

Wakati wa kuvuna tulipokea wengi walioumwa na nyoka. Mtu anashika suke, kumbe kuna kifutu chini. Wanaletwa wamefungwa kamba mguu mpaka umekuwa mweusi, au wamechanjwa kwa wembe na kubandikwa jiwe. Dada alitufundisha: usifunge, usichanje, usinyonye. Mlaze mtu, mguu utulie kama uliovunjika, mumkimbize hospitali. Nimeyasema maneno hayo mashambani mpaka watoto wakawa wananiigiza.

Sasa moto. Kiangazi nyasi za paa zimekauka, cheche moja inatosha. Watu wetu wana lawama moja wanayoipenda: "Gari la zimamoto limekuja halina maji!" Nilikuwa naisema na mimi mtaani. Siku moja Mjomba akanipigia hesabu: gari lenye lita 5,000, mpira unatoa lita 1,000 kwa dakika, ni dakika 5 limekwisha. Kama hakuna bomba la kujazia karibu, basi. Kwa hiyo nyumba ya nyasi inaokolewa na majirani wanaobomoa paa la nyumba ya pili mapema moto usirukie. Wanaofahamu jambo hilo hawalaumu sana, wanashika fimbo na kuvuta.

Tena kuna moto wa petroli. Pale Msamvu, Morogoro mjini, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Ni mkoa wetu huu huu. Bado napita barabarani naona petroli imepangwa kwenye chupa za maji, jirani yake mama anakaanga mihogo.

Lakini nikiulizwa mwaka ule ulikuwa wa nini, najibu: kifafa.

Ng'ambo ya mto, Mahenge, ugonjwa huu ni mwingi kuliko kawaida. Daktari mmoja mwanamke wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wataalamu waliofuata wameuhusisha na usubi, yale maradhi yanayoletwa na vinzi wadogo wa kandokando ya mito inayokwenda kasi. Sisi tunasema ni kurogwa. Tena tunasema povu la mgonjwa linaambukiza, hasa akiwa ameangukia motoni. Anayeungua kwa kifafa, eti, hatibiki tena.

Mwezi wa nane tuliitwa kwenye kitongoji kimoja. Tulikuta watu kama thelathini wamesimama duara, kimya. Katikati ya uwanja kuna mafiga, na karibu yake dada mmoja wa umri wangu amelala, mkono na bega vimeungua, povu mdomoni. Jirani mmoja alikuwa amemvuta kwa mwiko wa ugali ili asimguse. Hakuna aliyemmwagia maji. Ndoo ilikuwepo, imejaa, hatua tatu tu.

Dada alisema, "Mbebe." Nikambeba. Povu likanilowesha shingo. Nilisikia watu nyuma yangu wakisema, "Huyo naye kwisha." Tulimmwagia maji ya kawaida dakika 20 kwa saa ya Mjomba, tukamfunika kitambaa safi, tukaondoka. Mama yake alipanda nasi. Njiani hakulia, aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe huogopi?" Nikamjibu, "Naogopa, mama." Na ilikuwa kweli.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama yangu mzazi alinipokea mlangoni, nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Usiku ule akanipakulia peke yangu. Kesho yake nikaona kikombe changu kimewekwa dirishani, mbali na vingine. Wadogo zangu wakakatazwa mkeka wangu. Hakunifukuza, la hasha. Alikuwa analia jikoni.

Wiki tatu tuliishi hivyo. Nilimweleza alichonieleza Dada: kifafa ni hitilafu kwenye ubongo, povu ni mate tu, mgonjwa akimeza vidonge kila siku wengi wao anguko linapungua au linakoma. Mama alisikiliza kama anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Sikumlaumu. Na yeye aliambiwa na mama yake.

Siku moja, anapepeta mchele, akaniuliza bila kunitazama, "Huyo mtoto wa watu, huko wodini, anakula nini?" Nikamwambia mama yake anahangaika. Hakujibu. Alfajiri nikakuta chupa ya uji wa mchele mezani, imefungwa na kitambaa. "Mpelekee. Usiseme imetoka kwa nani." Siku ya nne alikwenda mwenyewe. Jioni ile kikombe changu kilikuwa kimerudi kabatini pamoja na vingine.

Yule dada alipona, mkono umekunjika kidogo. Anameza vidonge vyake.

Mkataba wangu uliisha Desemba, nami nikarudi kwenye mpunga, maana posho hailishi nyumba. Lakini kijiweni kwetu pale Kibaoni kuna kijana wa bodaboda alianguka kifafa mwaka uliofuata, mchana kweupe. Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa kwamba wenzake walimsogeza barabarani, wakamlaza ubavu, wakaweka shati chini ya kichwa chake. Hawakumtia kijiko mdomoni wala hawakumkandamiza. Mmoja alitazama saa, kwa sababu anguko likizidi dakika 5 ni la kukimbiza hospitali. Halikufika. Alipozinduka wakampa maji kwa kikombe kile kile wanachonywea wote.