Tanga kwa Mwendo wa Baiskeli

Fundi aliyenikodisha baiskeli pale Ngamiani hakuniuliza jina wala kitambulisho. Aliuliza jambo moja tu: "Mgosi, wewe mgeni wa leo ama wa kesho?" Nikamwambia basi langu ni la kesho asubuhi. Akacheka, akaminya tairi la nyuma kwa kidole gumba, akaongeza upepo. "Haya, utaileta ukichoka nayo."

Swali lake lilikuwa na asili yake. Hakuna Mtanga asiyeujua msemo wa "Waja leo waondoka leo", na ni shida kupata wawili wanaoufasiri sawasawa. Mmoja atakwambia ni kijembe kwa wageni wenye haraka. Mwingine atakwambia useme kwa sauti ya kuuliza: waja leo, kisha waondoka leo? Yaani haiwezekani, ukishaonja mchuzi wa huku utatafuta chumba cha kupanga. Mimi baada ya siku tatu nimehamia upande wa wanaouliza.

Ukiizunguka Tanga kwa bodaboda inaisha kwa nusu saa, kisha utarudi Dar es Salaam useme hakuna kitu. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, na nilikuwa mmoja wao. Baiskeli ndiyo kipimo chake. Mji ni tambarare, mitaa imenyooka, na kila mtu anapiga pedali: mama wa baibui na kikapu mbele, mwalimu mstaafu na kofia yake ya viua, kijana aliyefunga ndoo ya samaki kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Hakuna anayekupigia kengele kwa hasira. Wanakupigia kukusalimu.

Reli ndiyo inayoukata mji. Ni reli kongwe kuliko zote za Tanganyika. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, wakafika nayo Moshi mwaka 1911. Upande wake wa bara ni Ngamiani, mji wa Waswahili, ambako mitaa ina namba badala ya majina. Ukipotea unaambiwa, "Wewe nenda barabara ya sita, ukikuta wanaocheza bao, uliza tena." Upande wa bahari ni mji wa serikali na biashara: mnara wa saa, maghala, maduka yenye mabalkoni ya mbao, bustani ya Jamhuri inayoitazama bandari. Jioni keti pale bustanini. Mbele yako kuna ghuba iliyotulia kama maji ya karai, na katikati yake kisiwa cha Toten, jina walilokiachia Wajerumani, ambalo kwa lugha yao linahusu wafu. Magofu ya msikiti na makaburi ya wenyeji wa kale yamo huko ndani ya vichaka. Mvuvi akikubali kukuvusha, vaa suruali ndefu.

Wajerumani na Waingereza wameacha hapa kisa ambacho ningekipa mchana mzima. Novemba 1914 meli za Waingereza zilitia nanga nje ya Tanga zikiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, na lilikuwa bado linakusanyika kwa hiyohiyo reli. Kabla ya kushambulia, nahodha wa manowari ya Fox alishuka pwani kutoa taarifa, na inasimuliwa kwamba aliuliza kama bandari imetegwa mabomu. Akajibiwa kwamba ndiyo, imetegwa. Basi kikosi kikashukia mbali, huko Raskazone, kikapenya mashambani kuelekea mjini. Katikati ya risasi mizinga ya nyuki ikavurugwa mitini, na nyuki hawakujali bendera ya mtu. Waliumwa wote, ila Waingereza ndio waliokumbukwa kwa kukimbia. Tarehe 5 Novemba walikuwa wamekwisha kupanda meli zao, wakaacha bunduki mamia na risasi zaidi ya nusu milioni, ambazo Wajerumani walizitumia kwa miaka iliyofuata. Mpaka leo mapigano hayo huitwa vita vya nyuki.

Picha na habari za siku zile ziko katika makumbusho ya Urithi, ndani ya Boma la zamani la Wajerumani. Ni makumbusho madogo, na hilo ndilo zuri lake, maana utasoma kila kitu bila miguu kuuma. Kisha panda baiskeli ufuate njia ya pwani, upite hospitali ya Bombo na jengo lake la Kijerumani lililo juu ya mwamba, mpaka Raskazone penyewe, uogelee mahali waliposhukia wale wenye bahati mbaya. Nenda maji yakiwa yamejaa. Yakitoka utatembea matopeni mpaka ukate tamaa.

Sasa chakula, maana hapa ndipo Tanga inapojivuna, na haijivuni bure. Asubuhi ni mbaazi za nazi kwa maandazi, na atakayekuletea chai ya rangi atakuuliza kama unataka tangawizi, kisha ataitia hata ukikataa. Mchana tafuta bada, ugali wa makopa ya muhogo, wenye rangi ya udongo na mvutano ambao mtu wa bara huuonea shaka tonge la kwanza. La pili halimpi tabu. Unaliwa kwa samaki wa mchuzi wa nazi, ukali wa ndimu ukitangulia na pilipili ikifuata nyuma. Usile kwa kijiko, utamkera mpishi. Jioni fuata moshi wa pweza na mihogo ya kukaanga, malizia kwa kahawa chungu na kashata kwenye baraza lolote lenye wazee. Mpira ndio utakaosikia: Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walivyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na watani wao wa mji huohuo, African Sports. Mechi ikiwapo uwanja wa Mkwakwani, acha kila kitu uende.

Ukitaka kuwasha moto zaidi, taja muziki. Wazee watanyoosha migongo. Huu ndio mji wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ndiko Black Star na Lucky Star walikoipa taarabu gitaa na mwendo mpya, mpaka mtindo huo ukavuka mpaka kwenda Mombasa. Shakila, kabla ya Dar es Salaam kumchukua, aliimba hapa. Nilimwomba mzee mmoja aniambie kati ya Black Star na Lucky Star ipi ilikuwa bora. Kahawa ilipoa, nami sikupata jibu moja.

Siku ya pili nilikwenda Amboni. Ni kama kilomita nane kaskazini mwa mji kwa njia ya Horohoro, na hapo ndipo tairi lile lililominywa kwa kidole gumba lilipopata pancha. Kijana wa kando ya njia aliziba, akadai pesa ambayo ningeona haya kuitaja. Mapango yenyewe ni ya mawe ya chokaa ya enzi za mijusi wakubwa, yaliyochongwa na maji. Ni mengi, lakini wageni huingizwa moja tu, na usithubutu kuingia bila mwongozaji na tochi. Ndani kuna giza la kushikika, harufu ya popo, na mawe ambayo mwongozaji huyapa sura: huyu tembo, hii meli, hiki kiti cha mfalme. Nusu ya sura hizo niliziona kwa heshima ya mwenyeji tu. Kilichonigusa ni kona ya mzimu, yenye vitambaa, chupa za marashi na sarafu za watu waliokuja kuomba mtoto au mvua. Nilivua kofia.

Watakusimulia kwamba pango hufika Mombasa au Kilimanjaro, na habari ya mbwa aliyeingia na mabwana zake wawili akaonekana mlimani peke yake. Wataalamu waliopima miaka ya 1990 walikuta pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Mwongozaji wangu aliyajua hayo, akasimulia habari ya mbwa vilevile. Karibu na hapo kuna chemchemi za maji moto za Galanos, zinazonuka kiberiti. Zimebeba jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Mkonge ndio uliojenga nusu ya mji huu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai shambani Kikogwe, karibu na Pangani. Miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikiuza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Nailoni ilipoingia, mji ukalala. Kulala huko, nadhani, ndiko kulikoyanusuru yale mabalkoni.

Siku ya tatu niliielekea Pangani. Upande huo wa kusini ndiko Machui, alikozikwa mshairi Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani tarehe 1 Januari 1909. Anayeandika kwa lugha hii akifika Tanga asiende kumsalimu, sijui amekuja kufanya nini. Mbele zaidi, chini kidogo ya kilomita 20 kutoka mjini, ni Tongoni: gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yake yenye nguzo, yaliyojengwa kwa matumbawe mji ulipokuwa na utajiri wake. Nguzo nyingi zimelala chini. Kwenye zile zilizobaki utaona vishimo vya duara ambamo sahani za kigeni zilikuwa zimepachikwa kabla watu hawajazibandua. Vasco da Gama alipita maji haya mwaka 1498, meli yake ya São Rafael ikakwama kwenye mafungu, na mwaka 1499, mabaharia wakiwa wamepungua kwa maradhi, akaichoma papo hapo. Nilikuwa peke yangu pale pamoja na mlinzi na mbuzi wanne. Upepo ulitoka baharini kupitia mikoko, na kwa saa nzima hakuna aliyeniuzia chochote.

Baiskeli niliirudisha baada ya Magharibi, siku mbili nje ya ahadi. Fundi hakuhesabu saa, alitazama kiraka kwenye tyubu tu, akauliza nani kaziba, akasikitika kidogo kwa kazi ya ovyo. Asubuhi nikapanda basi la Dar es Salaam, kilomita 350 hivi. Kama nawe utasafiri nalo, kaa upande wa dirisha na uwe na pesa ndogo mkononi, maana Muheza machungwa huingia dirishani na dereva hasubiri chenji. Nilinunua mfuko wa kumi. Tulipofika Chalinze yalikuwa yamebaki matatu.