Nilisema mchemshe maji. Nilikosea

Ile vidio ya Dunga, ile ya maji ya kijani, nimeifuta. Kuna wenye wameniuliza kama nimelipwa ninyamaze. Zii. Nimeifuta kwa sababu sekunde kumi za mwisho niliwaambia uongo, na sikujua ni uongo.

Kwa wenye hamkuiona: nilikuwa nimeenda Kisumu kumwona dani. Asubuhi moja haina upepo nikashuka ufuoni na simu. Maji yote karibu na mashua yalikuwa yamefunikwa na utando mzito, kama mtu amemwaga rangi ya geti. Harufu nayo, wacha tu. Na hapo katikati kulikuwa na mama anasukuma utando kando kwa mtungi, halafu anauzamisha ujae. Nikajiambia hii ni kontenti safi. Nikarekodi, nikaweka muziki, na mwishoni nikatoa ushauri kama daktari: "Wasee wa ziwani, chemsheni tu, mtakuwa sawa." Watu elfu 40 wakaangalia.

Siku mbili baadaye msee anayefanya kazi ya maabara akaniandikia. Hakunitusi, ndiyo maana nilimsoma hadi mwisho. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hata sikuwa nasomea mambo ya maji, kwa hivyo ilibidi nikae chini nisome pole pole.

Hiki kitu tunaita mwani hata si mmea. Ni bakteria wanaoishi kwa jua kama majani. Kwenye Ghuba ya Winam wanaojulikana sana ni wa jamii ya Microcystis. Wako na viputo vidogo vya hewa ndani yao, ndiyo maana siku isiyo na upepo wanapanda juu na kutengeneza ule utando. Wanaweza kutoa sumu inaitwa microcystin, inayoshambulia ini. Nasema wanaweza, kwa sababu si kila utando uko nayo, na kwa macho huwezi kujua.

Sasa sikieni hapa. Hiyo sumu mara nyingi iko ndani ya seli. Ukichemsha, seli zinapasuka, sumu inamwagika kwenye maji, na moto wa jikoni hauimalizi. Maji yanaonekana yametulia, unajiona umefanya la maana, kumbe umepika supu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 1 kwa lita. Chukua gramu moja, igawe mara milioni, ndiyo hiyo.

Na hapo ndipo nilichoka kabisa, kwa sababu siwezi kugeuka niseme "msichemshe." Kando ya ziwa watu wanajua kipindupindu vizuri. Kuchemsha kunaua vijidudu na kunaokoa watoto kila siku. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hayatoshei sekunde kumi zenye muziki.

Nikampigia dani. Kumbe jirani alikuwa amemwonyesha vidio, akajivunia sana. Kitambo alikuwa anatumia maji ya ziwa kufua tu, ya kunywa ananunua. Baada ya kunisikia aliacha kununua. "Nyakwara, si wewe ulisema nichemshe tu?" Sikuwa na jibu. Alikuwa anaokoa shilingi 20 kwa siku, na alikuwa ananishukuru.

Wengi mlisema hiyo ni shida ya gugu maji. Hapana, ni vitu viwili. Gugu maji ni mgeni kweli, asili yake Amerika Kusini, na Mto Kagera umekuwa ukilibeba kutoka Rwanda hadi ziwani. Hawa bakteria wako humu tangu zamani. Tunapenda kusema tumevamiwa, kwa sababu mvamizi hutoka kwa watu wengine. Hawa tumewalisha wenyewe.

Chakula chao kinatoka mbali. Mto Nyando unashuka kutoka milima ya Nandi ukapita kwenye mashamba ya miwa. Sondu unatoka Mau, unapita upande wa majani chai ya Kericho. Mvua ikipiga, udongo na mbolea vinateremka, na mji nao unaongeza maji ya choo. Ghuba yenyewe haina kina, ni mita 6 hivi kwa wastani, na inaungana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba kule Rusinga. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka. Kwa hivyo wewe wa Kericho uliyeandika "poleni watu wa Kisumu", aki nakupenda, lakini mbolea yako tunaijua.

Vidio mpya iko juu. Haina muziki. Inasema hivi: ukiona utando au maji ya kijani, usiteke hapo. Si ya kunywa, si ya kupikia, watoto wasiogelee, mbuzi wasinywe. Tafuta ya mvua, ya mfereji, au ya kisima kirefu kilicho mbali na ufuo, na hayo ndiyo uchemshe ukiwa na shaka. Kama huna pengine pa kuteka, basi mimi sina ujanja wa jikoni wa kukupa, na usikubali mtu akuuzie mmoja.

Hadi saa hii imeangaliwa na watu 900. Dani namtumia za maji kila Jumatatu. Yule mama wa mtungi sina namba yake, na uso wake niliufunika na emoji ya kucheka. Kama uko na mtu Dunga, Kendu Bay ama Homa Bay, mpigie leo.